Malalamiko Kuhusu Mguu wa Kushoto wa Binti Yangu

Fundi Viatu,
Kibanda cha Ngazini, mkabala na duka la dawa.
Alhamisi, alasiri.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Waamuzi wa Mpira wa Kikapu.

KUHUSU: FILIMBI ILIYOPULIZWA ZIKIWA ZIMEBAKI SEKUNDE SABA, BILA MGUU KUTOKA MAHALI PAKE

Ndugu Mwenyekiti,

Pokea salamu zangu, na kama mkoba wako wa ngozi bado unafungika vizuri baada ya ile zipu niliyokuwekea, basi mkoba nao nausalimia. Mimi ni mzima. Mke wangu ni mzima. Binti yangu si mzima, na ndiyo sababu ya kalamu hii.

Barua yenu ya Jumatatu nimeipata. Mnanitaka nilete, kabla ya saa nne asubuhi ya kesho Ijumaa, maandishi ya kuomba radhi kwa kosa la kuingia uwanjani mchezo ukiendelea, nikiwa na chaki mkononi, na kukaa chini katikati ya uwanja kwa dakika ishirini. Mnasema nisipoomba radhi, jina la binti yangu litakatwa kwenye timu ya pamoja inayosafiri Jumamosi. Nimeelewa. Nimeisoma barua hiyo mara nne, nimetafakari kama mtu mzima, na nimefikia uamuzi kwamba anayepaswa kuombwa radhi ni mimi. Hii ni barua yangu ya saba msimu huu. Sita zilizotangulia mmeziweka kiporo. Hii naiandika kwa namba, ili msije mkasema mzee alikuwa anapayuka.

1. Tuanze na tukio lenyewe, maana naona katika barua yenu limeandikwa kwa maneno matatu tu, "kutembea na mpira", kana kwamba mtoto wangu alikutwa barabarani nao. Tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Zimebaki sekunde saba. Mpira ukamfikia binti yangu, ambaye watazamaji wanamwita Gundi, kwa kuwa mpira ukishafika mikononi mwake haubanduki, na pia kwa ajili ya kazi ya baba yake, jambo ambalo sioni aibu kulitaja. Aliupokea akiwa amesimama, miguu yote miwili chini. Akainua wa kulia, akageuka. Kwa hiyo wa kushoto ukawa ndio mguu wa egemeo, yaani ule unaobaki umekanyaga pale pale huku mwenzake akizunguka anakotaka. Akageuka mara ya kwanza, beki akamfuata. Akageuka mara ya pili, beki akapotea kabisa. Jamani, njia ilifunguka hadi kwenye ringi, nyeupe, hakuna hata paka! Akainama ili audunde mpira aende zake. Priii! Mwamuzi akasema egemeo limenyanyuka kabla mpira haujatoka mkononi. Mpira wakapewa wapinzani, tukafungwa arobaini na moja kwa arobaini. Mwanangu alitoka uwanjani anachechemea. Si kwamba aliumia. Alichechemea kwa uchungu wa kuonewa, na kama hujawahi kumwona mtu akichechemea kwa uchungu wa kuonewa, uliza waliokuwepo.

2. Mwamuzi huyo ni mdogo wangu, tumbo moja. Nalitaja hili mapema ili mjue kwamba sina chuki naye. Mtu baki ningemwandikia kwa ukali zaidi. Siku za kazi yeye hupima watu macho kwenye zahanati. Miwani ninayoandikia barua hii alinipimia yeye mwenyewe, na ni kwa msaada wa miwani hiyo ninathibitisha kwamba hakuona. Kuna watu wenu wanaopitapita wakisema kwamba siku ya mchezo mimi sikuwa na miwani. Ni kweli niliisahau kibandani. Lakini jambo la wazi halihitaji miwani, na mimi nilikuwa benchi la nyuma kabisa, mahali ambapo mtu anaona uwanja wote kwa pamoja.

3. Hapa ndipo palipo na uoza, na naomba katibu wako asiruke mstari. Mara tu baada ya filimbi, mwamuzi alisogea hadi pale alipokuwa amesimama binti yangu, akakanyaga pale pale, akainama kufunga kamba za viatu. Kamba zipi? Viatu vyake vya kuchezeshea viko kibandani kwangu wiki ya tatu sasa, vinasubiri nafasi, kwa kuwa nimekuwa na barua nyingi za kuandika. Siku ile alivaa vile vyake vya kazini, vya kuchomeka mguu tu, havina kamba wala tundu la kamba! Akiwa ameinama akamnong'oneza mwanangu jambo. Kisha wote wawili wakageuka wakanitazama mimi, kule nyuma. Ndugu Mwenyekiti, mimi na huyo mtu tumelelewa nyumba moja, najua akinitazama hivyo maana yake nini. Maana yake ni kwamba kuna kitu ananificha. Mnadai waamuzi wenu hawana njama. Nielezeni basi kamba za viatu visivyo na kamba.

Nimeamua kuvishikilia viatu vyake hadi atakapokiri. Niliposema hivyo kwa simu, aliniambia nisiache kula vizuri. Huo ndio ujeuri ninaousema.

4. Hoja hii nimeiondoa baada ya mke wangu kuisoma na kunirudishia karatasi kwa ncha za vidole.

5. Sasa ushahidi. Nilipoingia uwanjani, sikuingia kufanya fujo. Niliingia kikazi. Fundi yeyote wa viatu hutembea na chaki mfukoni, kwa kuwa hujui ni wapi utaombwa uchukue kipimo cha mguu. Nilifika pale ulipokuwa mguu wa kushoto wa mwanangu, nikapiga magoti, na kwenye saruji nikakuta alama nyeusi, nzito, yenye kunata kidogo, urefu wa nusu unyayo. Nikaizungushia chaki. Nikakaa juu yake ili isifutwe. Mnaziita dakika zile ishirini utovu wa nidhamu. Mahali pengine mtu anayelinda ushahidi hupewa kiti na maji ya kunywa.

Alama ile inasema nini? Inasema mguu ulisaga pale pale, haukwenda popote. Na kwa wale watakaoleta hoja kwamba pengine soli iliteleza, niwajibu kabisa: soli ile niliiweka kwa mkono wangu, asubuhi ya siku ile ile ya mchezo. Kwa miaka ishirini na sita nimeweka soli za mtaa huu, na nusu ya miguu iliyokuwa imejaa kwenye yale mabenchi imekanyagia kazi yangu. Soli nikishaiweka mimi, huing'oi hata kwa koleo. Kama soli haikuondoka, na mguu uko juu ya soli, mguu ungeondokaje? Hebu kamati yote ikae chini itafute jibu la swali hilo. Kiatu chenyewe cha kushoto nitakiambatanisha na barua hii kama kielelezo, mkipimishe mnakotaka. Kipo kwenye begi la mwanangu, chini ya kitanda. Tangu siku ile hataki hata kulifungua. Anatembea kwa ndala, na nikimwambia alete viatu nivitazame anasema viko sawa, baba, viache. Mmemkatia mtoto hamu hata ya viatu vyake!

6. Sikutaka kulalamika bila utafiti. Niliazima kitabu cha kanuni kwa kocha, na filimbi kwa mlinzi wa duka la dawa, nikakaa jikoni kwangu kwenye kigoda kwa siku tatu. Nimegundua yafuatayo. Mke wangu hutoa sufuria kwenye moto, akageuka nayo hadi mezani, akachukua mwiko, akarudi kwenye moto, mguu wake wa kulia haujanyanyuka hata mara moja. Jiko letu ni dogo kiasi hicho. Mara arobaini na sita nimehesabu, mara arobaini na sita halali. Hajafundishwa na mtu. Ni kipaji, na mtoto amekirithi.

Siku ya tatu alikuja mama mkwe kututembelea, akajitolea kupeleka sinia la chai sebuleni. Kitabu kinasema aliyeshika mpira akiwa mwendoni ana hatua mbili. Mama mkwe alikwenda moja, mbili, tatu. Nikapuliza. Nilipuliza kwa heshima zote, na nikazungusha ngumi mbele ya kifua kama mnavyofanya nyie, nikimtazama machoni ili asiseme hakuelewa. Aliweka sinia sakafuni, akachukua mtandio wake, akaondoka bila kuaga. Nasikitika kwa hilo. Lakini kanuni ni kanuni, na matokeo ya utafiti hayakwepeki: upande wetu hatuna tabia ya kutembea na mpira. Kama ipo katika familia hii, imeingia kwa ndoa.

7. Na kwa kuwa sasa kanuni naijua, nimeanza kuiona kila mahali, na nashindwa kunyamaza. Mheshimiwa wetu ameshika ahadi ya kuziba nyufa za uwanja na kuweka taa kwa miaka sita. Ameishika kwa mikono miwili. Hajaidunda, hajampasia mtu, hajaitupa kikapuni. Amehama nayo chama, amerudi nayo, amehama nayo tena, amepanda nayo majukwaani chaguzi mbili, na juzi nilimwona akishuka nayo garini. Hizo ni hatua ngapi? Nani amempulizia? Siku ile alikaa mstari wa mbele, chini ya mwavuli, na mwanangu alipopigiwa filimbi kwa kisigino, yeye alitikisa kichwa kama mtu anayechukia kutembea! Sisi tunapigwa danadana mwaka hadi mwaka na hakuna anayezungusha ngumi.

Nawe, Ndugu Mwenyekiti, kwa heshima zote. Una miaka kumi na moja kwenye kiti hicho. Umegeukia viongozi wa kila aina, wa kushoto, wa kulia na wa nyuma, na makalio hayajanyanyuka hata unene wa karatasi. Nakiri kwamba hilo ndilo egemeo safi kuliko yote niliyowahi kuyaona, na binti yangu angeweza kuja kujifunza. Ila kitabu hicho hicho kina kanuni nyingine, kwamba mchezaji aliyebanwa haruhusiwi kukaa na mpira zaidi ya sekunde tano. Wewe mwenyewe ulikuwa mwalimu wa hesabu. Piga hesabu.

8. Kwa hiyo ninaomba, na ninaomba kwa unyenyekevu:

Sekunde saba zile zirudiwe, kuanzia ndani ya duara langu la chaki, watu wote wakiwa wamesimama walipokuwa wamesimama, mheshimiwa akiwemo na mwavuli wake. Kila mchezo uwe na Mkaguzi wa Soli, mwenye meza na kivuli, na filimbi isipulizwe kabla hajatoa kauli. Mtu wa kazi hiyo sitaki kumtaja, ila ana kibanda mkabala na duka la dawa. Mwamuzi aandike barua ya kueleza kamba alizofunga. Na jina la binti yangu libaki kwenye orodha ya Jumamosi bila masharti ya aina yoyote, kwa kuwa mtoto hakuingia uwanjani na chaki, niliingia mimi, na timu hiyo ameisubiri tangu akiwa mfupi kuliko meza yangu ya kazi.

Mkikataa, nitaandika barua ya nane, na hiyo itakuwa na michoro.

Nifikishie salamu zangu kwa katibu wako, mwambie kile kisigino chake kirefu kikianza kulia tena asisubiri kivunjike. Msalimie mtunza muda. Msalimie bawabu wa ofisi yenu, ambaye anakanyagia upande wa ndani na nimeshamwambia mara mbili. Wasalimie wajumbe wote wa kamati na familia zao, hata yule aliyenishika ukosi kunitoa uwanjani, kwani alifanya kazi yake na alivaa kiatu nilichokishona mimi. Mheshimiwa naye msalimie, ukimpata amesimama.

Wako mwenye miguu yote miwili chini,

Fundi Viatu,
Baba wa Gundi.

Nyongeza. Ijumaa, saa tatu na nusu asubuhi.

Ndugu Mwenyekiti, kiatu sikukiambatanisha. Nilikwenda kukichukua kwenye lile begi chini ya kitanda. Cha kulia kizima. Cha kushoto kimeachama mbele, na nusu soli yake iko pembeni, imeviringishwa ndani ya jezi ambayo haijafuliwa tangu siku ya mchezo. Niligeuza ile soli nikatafuta matundu ya uzi. Hakuna hata moja.

Kazi yetu, kwa usiyeijua, iko hivi: soli unaibandika kwanza, gundi ikishika unaishona ukingo wote. Gundi ni ya kuizuia isitambae wakati unashona, basi. Uzi ndio unaombeba mtu. Hilo nalijua tangu sijaota ndevu. Nilikaa kwenye kitanda cha mwanangu nikaikumbuka asubuhi ile. Nilikuwa nimeshabandika, sindano iko mkononi, uzi nimeshaupaka nta, mara ikanijia sentensi nzuri ya barua yangu ya sita, ile ya kulalamika kwamba filimbi ya mwamuzi inalia kinyonge. Nikaweka sindano chini, nikashika kalamu isije ikanipotea. Barua ile iliisha vizuri sana. Kiatu nikakirudisha kwenye begi.

Mguu ulinyanyuka, Ndugu Mwenyekiti. Kilichobaki chini ni soli. Ile alama niliyoikalia dakika ishirini ni gundi yangu mwenyewe. Mdogo wangu aliona yote mawili. La mguu alilipulizia kama anavyotakiwa, la soli alilikanyaga lisionekane, kisha akainama akafunga kamba ambazo hana, akampa mtoto kile kipande akifiche ndani ya jezi. Na mimi kwa ajili ya hilo nimemnyima viatu.

Binti yangu alinikuta nimekaa na soli mkononi. Hakushtuka. Alisema tu kwamba watu waliokuwa pale nusu yao wamevaa kazi yangu, na kama soli ile ingeonekana, nani angeniletea kiatu Jumatatu? Akasema ni afadhali waseme yeye katembea. Halafu akaniuliza kama nimeshakunywa chai. Nililia, na silionei haya kuliandika.

Ningeiandika barua yote upya, lakini saa nne inakaribia na karatasi imebaki hii moja. Kwa hiyo zifute hoja zote za juu, isipokuwa ya saba, ambayo mke wangu ameisoma akasema iachwe kama ilivyo. Siku ile mwanangu alikosea kidogo kwa sababu yangu. Mimi nilitembea hatua thelathini na mbili, kutoka benchi la nyuma hadi katikati ya uwanja, mbele ya watu wote, kumtetea mtu aliyekuwa ananitetea. Naomba radhi. Nawaomba nyinyi, namwomba mdogo wangu, ambaye viatu vyake viko tayari na nimemwekea kamba mpya. Mama mkwe nitamfuata kwake mwenyewe, kwa miguu, na filimbi nimeshairudisha kwa mlinzi.

Anayekukabidhi barua hii ndiye binti yangu. Amevaa viatu vile vile. Cha kushoto nimekishona asubuhi hii, mistari miwili, na kalamu sikuigusa mpaka nilipokata uzi. Mwambie akanyage kushoto ageuke mara zozote utakazo. Soli haibanduki.